Uani na Kitabuni: Uhakiki wa Msamiati wa Wafugaji wa Kuku

Msomaji wa jarida la istilahi amezoea kukuta humu orodha za maneno ya sheria, ya fedha, ya uhandisi na ya tiba. Mara hii twamwomba aondoke nasi ofisini, apite mlango wa nyuma wa nyumba, aingie uani, mahali ambapo kuku wanachakura na wenye kuku wanazungumza. Twafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko uani kuna istilahi nyingi zilizokamilika ambazo hazikutungwa na kamati yoyote. Pili, vijitabu vingi vya ufugaji vilivyoandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili vimepita karibu na ua huo bila ya kupiga hodi, na hasara ya jambo hilo haikuishia kwenye karatasi. Imefika bandani.

Hoja yetu ni kwamba istilahi ya ufugaji isipimwe kwa uzuri wake, wala kwa ukaribu wake na neno la kigeni, bali kwa kitendo kitakachofanywa na yule aliyeisikia. Neno likimwongoza mfugaji kufanya lililo sahihi, ni istilahi njema, hata kama limezaliwa jalalani. Likimwongoza kufanya lililo kosa, ni istilahi mbovu, hata kama limepigwa mhuri. Kwa kipimo hicho tutaona kwamba uani kuna utajiri ambao kitabu kimeuacha, na kwamba uani kuna upungufu ambao kitabu pekee ndicho kiwezacho kuuziba.

Mazungumzo yenyewe

Mazungumzo ya wafugaji wa uani si somo la ufugaji. Ni mazungumzo ya ujirani ambayo kuku wamo ndani yake kama walivyo watoto, mvua, bei ya unga na harusi. Tuchukue mfano ambao msomaji yeyote aliyekaa mtaani au kijijini atautambua.

“Hodi, jirani.”

“Karibu, mwanangu, pita.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Watoto hawajambo?”

“Hawajambo, ila yule wa kati ana kikohozi. Na yule koo wako mweusi, mama, ameshatotoa?”

“Ametotoa kumi na mmoja. Mayai mawili viza. Na mwewe naye keshachukua mmoja.”

“Pole, mama.”

“Tumeshapoa. Yule pora wa mwaka jana simchinji. Shule zikifunguliwa ndiyo daftari za mjukuu.”

Maneno hayo ni machache, lakini mhakiki akiyapima ataona yamebeba mambo mengi. Mna hesabu ya uzazi: mayai kumi na matatu yaliatamiwa, vifaranga kumi na mmoja wakapatikana. Mna hasara na chanzo chake. Mna mpango wa fedha wa nyumba. Mna rambirambi ndogo kwa kifaranga, ambayo kwa hakika ni rambirambi kwa mwenye kifaranga. Zaidi ya hayo, mna istilahi nne: koo, kutotoa, viza na pora. Mwenye kusema hakusita kwa hata moja, na mwenye kusikia hakuuliza maana.

Sasa tazama jinsi habari hiyo hiyo ingeandikwa kwa mtindo wa vijitabu: “Kuku jike wa uzalishaji ameangua vifaranga kumi na mmoja, mayai mawili hayakuanguliwa, jogoo mchanga atauzwa.” Hakuna kosa la sarufi. Lakini koo amekuwa maneno manne, na pora amekuwa mawili. Mwandishi amelipa ghali kwa kitu alichoweza kukipata bure.

Utajiri ulioachwa

Kiswahili kinayo majina ya kuku kwa kadiri ya umri na hali yake. Kifaranga hukua, akiwa dume huwa pora, yaani jogoo kijana asiyeanza kuwika, kisha huwa jogoo, ambaye wengine humwita jimbi. Akiwa jike, wako wanaomwita tembe na wako wanaomwita mtetea anapokaribia kutaga, hadi awe koo aliyetaga na kulea. Mipaka ya mtetea na tembe hupishana toka sehemu moja hadi nyingine: huyu humwita mtetea yule ambaye mwenzake humwita tembe. Hapo hasa ndipo penye kazi ya msanifishaji. Yampasa aseme: sisi katika vitabu vya kufundishia tutatumia neno hili kwa maana hii na lile kwa maana ile. Badala ya kuifanya kazi hiyo, waandishi wengi wameyakimbia maneno yote mawili na kuandika “kuku jike mdogo anayekaribia kutaga”. Huko si kusanifisha. Ni kukwepa.

Lililo kubwa zaidi ni suala la wadudu. Katika vijitabu vingi msomaji hukuta sura iitwayo “Vimelea vya nje”, na chini yake maelezo kwamba vimelea hao hufyonza damu na kupunguza utagaji, na kwamba wapigwe dawa. Neno “vimelea” ni zuri na lina mahali pake, kwa kuwa linamwezesha mwanafunzi wa biolojia kuona kwamba chawa wa kuku na minyoo ya tumboni ni wa jamii moja kwa namna wanavyoishi. Lakini nenda uani ukamsikilize bibi ambaye hajapata kufungua kijitabu. Yeye hasemi vimelea. Husema chawa, au utitiri, au viroboto, au papasi, na kila jina kwake lina mahali na wakati. Chawa hukaa katika manyoya. Viroboto hung'ang'ania usoni, pembezoni mwa macho na kwenye kishungi. Papasi hujificha katika nyufa za banda mchana, na usiku hutoka kunyonya damu.

Majina hayo manne si mapambo ya lugha, kwa maana kila moja lataka kazi tofauti. Chawa humaliza maisha yake yote juu ya mwili wa kuku, kwa hiyo anayetaka kumwondoa hana budi kumtibu kuku mwenyewe. Papasi, pamoja na utitiri wa aina ile ya kujificha mchana, haishi juu ya kuku. Anayempaka kuku dawa na kuliacha banda na nyufa zake atakuwa anateka maji kwa pakacha. Kiroboto naye akiwa mkubwa hushikamana na ngozi ya kuku, lakini watoto wake hukua katika takataka na vumbi la sakafuni, hivyo kuku na sakafu vyote viwili vyahitaji kusafishwa. Mwandishi aliyeyafuta majina manne na kuweka moja amemwondolea msomaji habari iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya lugha yake. Alidhani anapandisha daraja la lugha, kumbe ameshusha daraja la elimu.

Hivyo basi twashauri kwamba neno “vimelea vya nje” libaki kuwa jina la sura, na ndani ya sura majina ya uani yarudishwe, kila moja na dawa yake. Wala tusione haya kuandika papasi katika kitabu cha serikali.

Upungufu wa uani

Baada ya kusema hayo hatuna budi kugeuka upande wa pili, maana uhakiki usiojua ila kusifu ni ubembelezi. Mazungumzo ya uani yana kasoro zake, na baadhi ni za hatari.

Tuanze na viza. Uani, yai ambalo koo ameliatamia siku ishirini na moja na halikutoa kifaranga ni viza, basi. Lakini mayai hayo ni ya namna mbili. Liko yai ambalo halikuwa na mbegu tangu mwanzo, na liko yai ambalo lilikuwa na mbegu, likaanza kukua, kisha kilichokuwa ndani kikafa. La kwanza lamwambia mfugaji amtazame jogoo: pengine ni mzee, pengine ni mmoja kwa majike mengi mno, pengine hayupo kabisa. La pili lamwambia atazame kiota: pengine koo ameinuka mara kwa mara, pengine utitiri wamemfukuza, pengine mvua imeingia. Mwenye kuyaita yote mawili viza hana njia ya kujua pa kurekebisha.

Kitabu chaijua tofauti hiyo, lakini kinaieleza kwa lugha inayoufunga mlango. Husema “mayai yasiyorutubishwa” na “mayai ambamo kiinitete kimekufa”. Neno kiinitete ni istilahi halali ya biolojia, nasi hatuna ugomvi nalo darasani. Lakini jikoni kiini ni sehemu ya manjano ya yai, na mtu akisikia kiinitete atadhani ni namna fulani ya hiyo manjano. Ni rahisi kusema “yai lisilo na mbegu” na “yai lililofia njiani”, na kumwonyesha mfugaji jinsi ya kulimulika yai gizani kwa taa au mshumaa baada ya wiki moja ya kuatamiwa. Yai lisilo na mbegu litaonekana jeupe, wazi. Lenye uhai litaonyesha mishipa ya damu kama mizizi midogo. Maneno hayo yakiingia uani, neno viza halitakufa. Litapata watoto wawili.

Kasoro ya pili ni kideri. Ugonjwa huu huitwa pia mdondo, na wataalamu huuita kwa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, ambako, kama ilivyokuwa huko Java, ulielezwa kitaalamu katika miaka ya 1926 na 1927. Wako wafasiri wanaoona kwamba jina la mji wa Waingereza ni la kisayansi zaidi kuliko kideri. Twawakumbusha kwamba wataalamu wenyewe wamezoea kuyaita maradhi kwa majina ya mahali na ya watu. Gumboro ni jina la kijiji cha jimbo la Delaware, Marekani, na ugonjwa wenye jina hilo ulielezwa mwaka 1962. Ugonjwa ambao vijitabu vyetu huuita mahepe hujulikana kwingineko kwa jina la József Marek, mtaalamu wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907. Ikiwa kijiji cha Delaware chaweza kutoa istilahi, uani wa Mwafrika nao waweza. Kideri na mdondo yote mawili yana watu wake. Mfasiri na ayataje yote mawili mara ya kwanza, kisha aendelee na moja.

Kasoro basi haimo katika neno. Imo katika matumizi yake. Uani, kuku wakifa wengi kwa pamoja, husemwa “kideri kimepita”, na mazungumzo hufungwa hapo, kama vile ambavyo mtu husema “ni kazi ya Mungu”. Yamkini ni kideri kweli. Yamkini ni ugonjwa mwingine kabisa wenye tiba. Jina limekuwa kifuniko cha kila msiba. Na ajabu ni kwamba wafugaji hao hao, kabla ya kutaja jina, wameshaeleza dalili kwa ufasaha: huyu amepinda shingo, yule anahara kijani, mwingine anakoroma na kushusha mabawa. Bwana mifugo mwenye kusikiliza atapata humo nusu ya uchunguzi wake. Twawaomba walimu wa ufugaji wafundishe watu kuanza na dalili na kuchelewa kutaja jina.

Dawa na chanjo

Sasa tumefika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Kideri husababishwa na virusi, na kuku akishaugua hana dawa ya kumponya. Ipo chanjo. Mojawapo, iitwayo I-2, ilitayarishwa Australia kwa kuwafikiria wafugaji wa vijijini wasio na jokofu, kwa kuwa hustahimili joto kuliko zile za zamani. Hutolewa kwa kumtonesha kuku tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Humfaa kuku mzima tu, naye huhitaji siku kadhaa kabla ya mwili wake kuwa na kinga.

Uani chupa hiyo huitwaje? Huitwa “dawa ya kideri”, na wengine husema “dawa ya tone”. Matokeo yake yanajulikana kwa kila bwana mifugo. Mtu mwenye dawa huingoja maradhi, kwa sababu ndivyo dawa inavyotumiwa: hatumpi mtu kwinini asiyeugua. Mfugaji husubiri kuku wa kwanza ainamishe kichwa, kisha hukimbilia chupa. Wakati huo wenzake wameshaambukizwa. Huwatonesha wote, na baada ya siku mbili tatu wanakufa. Jioni uani husemwa: “Ile dawa ndiyo iliyowaua.” Na maneno hayo, kwa kuwa ni ya jirani, yana nguvu kuliko kijitabu. Mwaka unaofuata nyumba kumi hazitaki kuiona chupa.

Hapa neno moja limeua kuku, na limeua imani. Lakini tusiharakishe kumlaumu mfugaji. Tuulize kwa nini neno chanjo, ambalo ni la Kiswahili na linajulikana kila kliniki, halikushika katika jambo hili. Jibu, kwa maoni yetu, limo katika asili ya neno lenyewe. Chanjo latokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo kwa wembe au kitu chenye ncha. Watu walilitumia kwa ndui, kwa sababu walichanjwa kweli mkononi na kovu likabaki. Kwa kuku wenyewe, chanjo ya ndui yao hutolewa kwa kuchoma utando wa bawa, na hiyo wafugaji huiita chanjo bila wasiwasi. Lakini tone la jichoni halikati wala halichomi. Mfugaji, akiwa mwaminifu kwa lugha yake, huona kwamba kisichochanja si chanjo. Basi hulipa jina la kila kimiminika cha chupa ndogo: dawa.

Wako watakaosema, kwa hiyo tutafute neno jipya. Hatuafikiani nao. Maneno ya Ulaya ya jambo hili yametoka katika neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe, kwa kuwa Edward Jenner mnamo 1796 alitumia ndui ya ng'ombe kumkinga mtoto. Louis Pasteur, aliyefanya majaribio yake mashuhuri juu ya kipindupindu cha kuku katika miaka ya 1879 na 1880, ndiye aliyependekeza mwaka 1881 kwamba neno hilo la ng'ombe litumike kwa kinga za aina zote, kwa heshima ya Jenner. Tangu hapo wataalamu wa dunia humkinga kuku kwa jina la ng'ombe, wala hakuna aliyechanganyikiwa, kwa sababu walifundishwa maana na kuisahau asili. Nasi twaweza kuipanua chanjo vivyo hivyo. Lakini upanuzi wa maana hauji wenyewe, hutangazwa. Kila kijitabu kinachosema “chanjo ya tone” hakina budi kusema katika mstari huo huo: “hii si dawa ya kuponya, ni kinga, mpe kuku mzima, usimpe mgonjwa.” Na mtu wa kulisema hilo kwa mdomo asiwe bwana mifugo peke yake, bali yule mama anayesikilizwa uani.

Majina ya kuazima

Kuna kundi jingine la istilahi ambalo latutia shaka, nalo ni la majina ya maradhi ya binadamu yaliyopewa kuku: kipindupindu cha kuku, homa ya matumbo ya kuku, ndui ya kuku, mafua ya kuku. Wafasiri walifuata mfano wa lugha za kigeni, ambazo nazo zilifanya hivyo hivyo. Lakini kipindupindu cha watu na kile cha kuku husababishwa na bakteria tofauti kabisa, na homa ya matumbo ya kuku ina kijidudu chake kilichozoea ndege. Mfugaji anayesikia kwamba kuku wake wana kipindupindu huweza kuogopa kwamba watoto wake watakipata. Wakati huo huo huweza asiogope jambo la kuogopwa kweli, kwamba wako vijidudu wengine wa kuku wanaoweza kumwingia mtu kwa mayai au nyama isiyoiva. Jina limemtia hofu pasipo hatari, na limemtuliza penye hatari.

Mfano mkubwa ni wa mafua. Mafua ya kuku, yale ya kuvimba uso na kutokwa kamasi, ni ya bakteria, na hayahesabiwi kuwa tishio kwa watu. Baadaye dunia ilipata habari za ugonjwa mwingine, wa virusi, ambao uligunduliwa Nigeria mwaka 2006 na Uganda mwaka 2017, na ambao baadhi ya aina zake huweza kumwambukiza mtu na kumwua. Huo kwa Kiswahili umeitwa mafua ya ndege. Sasa jirani anauliza, na ana haki ya kuuliza: kuku si ndege? Maneno “mafua ya kuku” na “mafua ya ndege” yametofautiana kwa neno moja ambalo halitofautishi chochote. Mmoja ni ugonjwa wa kutibu nyumbani kwa ushauri wa mtaalamu. Mwingine ni ugonjwa wa kutoa taarifa siku hiyo hiyo na kutogusa mzoga kwa mikono mitupu. Jina refu “homa kali ya mafua ya ndege” limejaribu kusaidia kwa kuongeza neno “kali”, lakini uani majina marefu hukatwa, nalo limekatwa na kurudi palepale. Twaona kwamba suala hili lingefaa kurudishwa mbele ya wasanifishaji, na kwamba mmoja kati ya maradhi hayo mawili uondolewe neno mafua.

Kienyeji na kamba ya mguuni

Neno lafaa kusemwa pia juu ya “kuku wa kienyeji”. Lilipowekwa kando ya “kuku wa kizungu”, na baadaye “kuku wa kisasa”, lilikuwa na harufu ya dharau: la kienyeji lilikuwa duni. Siku hizi mambo yamegeuka. Mjini, mteja hulipa zaidi kwa kuku au yai la kienyeji, naye muuzaji hulitaja neno hilo kwa sauti kubwa. Ofisini baadhi wameanza kuandika “kuku wa asili”, wakidhani wanalitakasa. Twaona hawakuwa na haja. Soko limeshalitakasa. Kinachohitajika ni kulichambua, maana ndani ya kienyeji mna kuchi aliye mrefu na mwenye tabia ya kupigana, mna kishingo asiye na manyoya shingoni ambaye kwa sababu hiyo hulistahimili joto vizuri, na mna wengine wengi ambao wafugaji huwajua kwa majina. Kitabu kikiwaweka wote katika fungu moja, mfugaji atamwuza kishingo wake bila ya kujua alichokuwa nacho.

Mwisho, methali. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengi wetu huitumia methali hii kwa watu, lakini uani bado ni kanuni ya kazi: kuku aliyenunuliwa hufungwa kamba siku chache ajue kwao. Vijitabu navyo husema kuku wageni wawekwe karantini. Mwalimu mwerevu atayakutanisha mambo haya mawili. Ataanza na kamba, ambayo kila mtu anaikubali, kisha ataonyesha upungufu wake: kamba humzuia mgeni asipotee, lakini haimzuii asiambukize, maana hufungwa katikati ya wenyeji. Basi na afungwe mbali, peke yake, majuma mawili, mwenye kumlisha awalishe wenyeji kwanza na mgeni baadaye. Mwenye kuielewa kamba ataielewa karantini kwa dakika moja. Mwenye kuanza na karantini huenda asifike popote.

Mapendekezo

Twamaliza kwa mambo matatu. Kwanza, kabla ya kijitabu chochote cha ufugaji kupelekwa mtamboni, kisomwe kwa sauti mbele ya wafugaji watano au sita, nao waulizwe: “Baada ya kusikia haya, kesho utafanya nini?” Wasiulizwe kama wameelewa, kwa sababu kwa adabu watasema wameelewa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifanikiwa kwa kuwa redio, kijitabu na kikundi cha watu waliokaa pamoja vilikwenda sambamba. Neno lililokwama lilisikika likikwama.

Pili, orodha za istilahi za mifugo zitenge safu ya majina ya uani, pamoja na sehemu yanakotumika. Tatu, pale ambapo jina la uani limechanganya mambo mawili, kama viza na kideri, msanifishaji asilifute, bali aligawe.

Ofisi inaweza kutunga neno kwa asubuhi moja. Uani huchukua miaka kulikubali, na sababu ni kwamba huko neno lisilofaa hugharimu. Yule mama wa mazungumzo yetu ana vifaranga kumi waliobaki na pora mmoja, na daftari za mjukuu zimo humo. Akiambiwa “dawa” pale palipostahili “chanjo”, hatalalamika kwa baraza lolote. Atawafukia kuku wake nyuma ya nyumba, na mtoto atakwenda shule bila daftari.